Simu Inapolala, Shairi Linasimama Vipi?

Waandishi wa hati za kale za Mwambao, walipokuwa wakiandika tenzi kwa herufi za Kiarabu, aghalabu waliupanga ubeti mzima katika mstari mmoja kutoka kulia kwenda kushoto: vipande vinne vya mizani nane nane, kila kimoja kikitengwa na mwenziwe kwa alama ndogo. Tenzi zilipochapishwa kwa herufi za Kirumi, mara nyingi ubeti ule ule ulisimamishwa, vipande vikashuka kimoja chini ya kingine. Maneno yalibaki yale yale. Sura ya ukurasa ndiyo iliyogeuka. Na aliyeamua kuigeuza alikuwa binadamu: mwandishi au mpiga chapa.

Tarehe 29 Juni 2007 simu ya iPhone ilipoanza kuuzwa Marekani, sehemu ya uamuzi huo ilikabidhiwa chombo. Ndani yake mlikuwa na kihisi kidogo kinachotambua mvuto wa ardhi. Mtu alipoilaza simu, ukurasa wa intaneti na picha vililala nayo. Lakini si kila kitu kilichogeuka: uso wa kwanza wa simu ulibaki wima, na barua pepe zilisubiri hadi 2009.

Kihisi hicho kina upungufu mmoja wa asili. Kinajua ardhi iko wapi, hakijui macho yako wapi. Msomaji aliyejilaza ubavu kitandani amelala pamoja na simu yake. Kwake yeye maandishi yamenyooka. Chombo, kwa utiifu wake, huyageuza, naye akalazimika kupinda shingo. Ndipo ikaja kufuli ya kuuzuia ukurasa usigeuke.

Kufuli nayo ina kisa chake. Kompyuta bapa ya iPad ilitoka Aprili 2010 ikiwa na swichi pembeni ya kuzuia mgeuko. Novemba mwaka huo huo, programu mpya iliifanya swichi hiyo kuwa ya kunyamazisha sauti. Watumiaji wengi walilalamika, na Machi 2011 wakapewa hiari ya kuchagua kazi yake. Mwaka 2018 Android 9 ilileta njia ya kati: kufuli ikiwa imefungwa na simu ikalazwa, kitufe kidogo hujitokeza. Mwenye simu akikigusa, ukurasa hugeuka. Akikipuuza, hubaki ulivyo. Chombo kimejifunza kubisha hodi.

Kwa mpenzi wa ushairi jambo hili si dogo. Mshororo wa shairi la mizani kumi na sita, ukwapi na utao, mara nyingi hauenei katika skrini nyembamba iliyosimama. Hukatwa pale upana unapokwisha, si pale pumzi inapotua. Kina cha kati hupotea machoni, na ubeti wa mishororo minne huonekana kama vijiti vilivyovunjika. Simu ikilazwa, mshororo hupata nafasi yake. Basi ukurasa na ugeuke kwa ridhaa ya msomaji, umrudishe kwenye ubeti ule ule aliokuwa akiusoma, wala usimtupe mwanzoni mwa utenzi. Na pasipo nafasi ya mshororo mzima, ukatwe baina ya vipande. Waandishi wa kale walilijua hilo. Alama zao ndogo zingali zikionyesha mahali.