Santuri ya Kabatini Haina Sauti



Majuzi jamaa yangu mmoja alinialika nikasikilize mitambo yake ya muziki. Nayo ni mitambo kweli: spika mbili zinanifika kifuani, na santuri zimejipanga ukutani kama vitabu vya maktaba. Tulisikiliza mlango ukiwa umefungwa. Wanawe walikuwa uani, na nilipouliza mbona hawaingii, alijibu kwamba chumba kile hakiingiwi na mtu. Muziki ulikuwa safi, lakini niliondoka na unyonge moyoni.

Hapa kwetu mapenzi ya muziki hayakuanza hivyo. Mwaka 1905 vijana wa Unguja waliunda chama chao cha taarab, Ikhwani Safaa, na chama hicho kimetimiza zaidi ya miaka 100. Hakuna mtu mmoja ambaye angeweza kuufikisha muziki huo umbali wote huo peke yake.

Kisha akaja Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, aliyekuwa akiuza vyungu. Wakati huo taarab ya majumba ya wakubwa iliimbwa zaidi kwa Kiarabu. Siti akaiimba kwa Kiswahili, na mtu wa kawaida akaielewa. Mwaka 1928 yeye na wenzake walivuka bahari hadi Bombay, wakarekodi kwa ajili ya kampuni ya His Master's Voice, ile yenye nembo ya mbwa anayesikiliza gramafoni.

Santuri hizo zilirudi pwani, lakini gramafoni zilikuwa za wachache. Basi watu walikusanyika kwenye migahawa ya kahawa na barazani kwa mwenye nacho. Upande mmoja wa santuri ulidumu kama dakika tatu tu. Mmoja azungushe ufunguo, mwingine abadili sindano, na wengine waseme, "Rudia!" Chombo chenyewe kilitaka watu.

Nayajua haya si kwa kusoma tu. Nyumbani kwetu Ngamiani, Tanga, baba mdogo alirithi santuri chache za zamani. Kila Jumamosi jioni aliivuta redio-gramu yake hadi dirishani, na majirani wakaja na mikeka. Nilipokuwa na miaka tisa nilijitia ufundi. Nikaichukua santuri moja ya Siti, ikaniponyoka, ikapasuka vipande vitatu. Santuri za zamani hazikuwa za plastiki. Zilitengenezwa kwa utomvu wa wadudu, jamii moja na lakiri, nazo zikianguka sakafuni hazina msamaha.

Nilijificha nyuma ya banda la kuku nikingoja fimbo. Baba mdogo aliviokota vile vipande, akavitazama kitambo, akanyamaza. Jumamosi ile majirani walikuja kama kawaida. Alipowaeleza, bibi mmoja wa nyumba ya pili akaanza kuuimba wimbo ule. Wa pili akampokea, wa tatu akasahihisha ubeti, na wote wakamaliza. Santuri ilikuwa imevunjika, lakini wimbo ulikuwa mzima, kwa sababu mwenyewe hakuwahi kuufungia.

Ndivyo ilivyokuwa hata redioni. Tangu miaka ya 60, bendi zetu nyingi zilirekodi nyimbo zao kwenye tepu katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam. Nyimbo nyingi hazikupata kufyatuliwa santuri. Zilidumu kwa kurushwa hewani, na leo mzee akisikia gitaa la kwanza tu hukutajia bendi, mwimbaji na mwaka aliooa.

Simlaumu jamaa yangu kwa kutunza vyombo vyake. Santuri ya plastiki ikikaa juani hupinda, na vumbi huikwaruza. Mtoto nami namjua, maana niliwahi kuwa mtoto mharibifu. Lakini mtoto hufundishwa kushika santuri kwa kingo, hafukuzwi. Siku mwenyewe akiondoka duniani, wanawe watakuta ukuta mzima wa vitu wasivyovijua, na mnunuzi wa vyuma chakavu atakuwa mlangoni.

Siti alifariki mwaka 1950. Tungali tunamtaja kwa sababu kuna waliofungua dirisha.

Nimempigia simu jamaa yangu, nikamwomba Jumamosi hii mlango uwe wazi. Amesema atafikiri. Nitakwenda, na nitapita uani kwanza kuwachukua watoto.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.