Mabaki ya dawa za mifugo katika mbolea ya kuku: yale ambayo mfanyabiashara wa Busia na Tororo anapaswa kujua

Mbolea ya kuku ina wanunuzi pande zote mbili za mpaka wa Kenya na Uganda. Wakulima wa nyanya, sukuma wiki na mahindi huitafuta kwa sababu ina naitrojeni nyingi kuliko samadi ya ng'ombe. Hata hivyo, gunia la mbolea hiyo huweza kubeba kitu kisichoonekana kwa macho, nacho ni mabaki ya dawa walizopewa kuku. Makala haya yanaeleza mabaki hayo yanatoka wapi, yanakaa vipi shambani, na hatua ambazo mfanyabiashara au msafirishaji anaweza kuchukua kabla ya kupakia mzigo.

Dawa zinavyofika kwenye mbolea

Kuku wanaofugwa wengi katika banda moja huugua mafua, kuhara damu na taifodi ya kuku. Mfugaji hununua dawa kwenye duka la agroveti na kuichanganya na maji ya kunywa. Dawa zinazojulikana sana ni oksitetrasaiklini na nyingine za kundi la tetrasaiklini, dawa za salfa, tailosini na enrofloksasini.

Mwili wa kuku hautumii dawa yote. Sehemu yake, na kwa baadhi ya dawa ni zaidi ya nusu, hutoka na kinyesi ikiwa bado na nguvu. Maji ya dawa yanayomwagika sakafuni nayo hunyonywa na maranda. Siku ya kusafisha banda, vyote hivyo huingia kwenye gunia.

Hapa ndipo wengi hukosea. Muda wa kusubiri ulioandikwa kwenye chupa ya dawa unahusu nyama na mayai. Mfugaji anayesubiri siku hizo kabla ya kuuza mayai amemlinda mlaji, lakini kinyesi cha siku za matibabu bado kimo bandani.

Viwango vilivyopo

Codex, tume ya vyakula iliyoundwa na FAO na WHO mwaka 1963, imeweka viwango vya juu vya mabaki ya dawa katika vyakula. Kwa kundi la tetrasaiklini, viwango vya kuku ni hivi, kwa kila kilo moja:

- Nyama: maikrogramu 200
- Mayai: maikrogramu 400
- Ini: maikrogramu 600
- Figo: maikrogramu 1,200

Viwango hivyo ni vya chakula. Mbolea na udongo havimo. Kwa hiyo mzigo wa mayai unaweza kupimwa na kukataliwa, lakini mbolea kutoka banda hilo hilo haina kiwango cha Codex cha kuipimia.

Dawa zikishafika shambani

Dawa hazifanani zikiwa udongoni. Tetrasaiklini hushikamana na chembe za mfinyanzi na huweza kukaa wiki kadhaa hadi miezi. Enrofloksasini na dawa za jamii yake hushika udongo kwa nguvu zaidi, na mabaki yake huweza kukutwa hata baada ya mwaka. Dawa za salfa hazishiki sana. Mvua ikinyesha huondoka na maji. Katika eneo hili maji hayo huelekea mto Sio, unaoingia Ziwa Victoria, au mto Malaba, ambao maji yake hufika Ziwa Kyoga.

Mimea huweza kunyonya kiasi kidogo cha dawa hizi. Tatizo kubwa zaidi ni vijidudu. Vijidudu vinavyoishi kwenye mbolea na udongo wenye dawa kidogo kila msimu huzoea dawa hiyo, na usugu wao huweza kupita kwa vijidudu vinavyougua watu. Kuku akipewa enrofloksasini, sehemu yake hugeuka mwilini kuwa siprofloksasini, dawa ambayo binadamu hutumia hospitalini. Marekani ilipiga marufuku enrofloksasini kwa kuku mwaka 2005 kwa sababu ya usugu. Umoja wa Ulaya nao ulizuia antibiotiki za kukuzia mifugo kuanzia Januari 2006.

Kwa nini hili ni suala la biashara

Wafanyabiashara wa mpakani wanajua jinsi soko linavyoweza kufungwa ghafla. Januari 2017, baada ya mafua ya ndege kuthibitishwa Uganda, Kenya ilizuia kuku na mayai kutoka huko. Machi 5, 2021, Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu. Siku chache baadaye zuio hilo liliondolewa, lakini kwa masharti: waagizaji wasajiliwe, na mzigo uwe na cheti kuonyesha kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 katika bilioni.

Sumukuvu haionekani kwa macho, na mabaki ya dawa ni vivyo hivyo. Mahindi yaliporuhusiwa tena, aliyekuwa na karatasi ndiye aliyepita. Anayefanya biashara ya mayai, kuku waliomaliza kutaga au mbolea anafaa kuanza kutunza kumbukumbu sasa, kabla hajalazimishwa.

Kumbuka pia kwamba utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa mizigo isiyozidi dola 2,000 za Marekani, unahusu ushuru wa forodha. Haufuti vibali vya afya ya mifugo. Kabla ya kupakia mbolea ya kuvuka mpaka, muulize ofisa wa mifugo kwenye kituo cha pamoja cha Busia au Malaba ni kibali gani kinachotakiwa, kwa kuwa mbolea mbichi hubeba pia magonjwa ya kuku.

Dawa zenyewe nazo huvuka mpaka. Nchini Uganda zinasimamiwa na NDA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1993. Kenya ina kurugenzi yake ya dawa za mifugo chini ya sheria ya mwaka 2011. Dawa iliyosajiliwa upande mmoja si lazima iwe imesajiliwa upande wa pili.

Kabla ya kupakia

1. Muulize mfugaji kuku walipewa dawa gani na siku ya mwisho ilikuwa lini. Andika majibu pamoja na jina la shamba na tarehe ya kusafisha banda.

2. Usichanganye mbolea ya banda lililotibiwa hivi karibuni na ya mabanda mengine. Ukichanganya, huwezi tena kujua mzigo wako una nini.

3. Nunua mbolea iliyoozeshwa. Lundo lichanganywe na vitu vikavu kama mabua ya mahindi, lilowe kiasi, lifikie joto la nyuzi 55 au zaidi kwa siku kadhaa, na ligeuzwe mara kwa mara. Kuozesha hupunguza sana tetrasaiklini na vijidudu vya magonjwa. Hata hivyo, enrofloksasini hupungua kidogo zaidi, na usugu hauishi wote. Kwa hiyo kumbukumbu za dawa bado zinahitajika.

4. Funika mzigo kwa turubai na usihifadhi lundo wazi karibu na mto au kisima, hasa msimu wa mvua za Machi hadi Mei.

5. Gari lililobeba mbolea lioshwe na likauke kabla ya kubeba mboga, chakula cha kuku au trei za mayai.

6. Usiuze mbolea ya kuku kama chakula cha ng'ombe. Dawa zilizomo huweza kuingia kwenye maziwa, na maziwa yana kiwango chake: maikrogramu 100 za tetrasaiklini kwa lita moja.

Hatua hizi hazihitaji maabara. Daftari la shilingi chache linatosha kuanzia, na mnunuzi anayeona tarehe na jina la dawa anajua ananunua nini. Mfugaji asiyetaka kutaja dawa aliyotumia ni vizuri mbolea yake ibaki kwake.