Lehemu Ilipopanda Joto

Kwa vyombo vingi vya nyumbani, saa ngumu kuliko zote katika maisha ya bodi ya saketi ni ile ya kiwandani, inapolehemiwa. Ndiyo maana lehemu ilipobadilika, malighafi za bodi nazo zililazimika kubadilika.

Mwanzo ilikuwa karatasi. Mwaka 1907 Leo Baekeland, mkemia mzaliwa wa Ubelgiji aliyehamia Marekani, aliunganisha fenoli na formaldehidi akapata bekalaiti, plastiki ambayo ikishaiva haiyeyuki tena. Karatasi zilizoloweshwa humo na kukandamizwa kwa joto zikatoa vibao vigumu vya kahawia visivyopitisha umeme. Paul Eisler, Myahudi wa Vienna aliyehamia Uingereza mwaka 1936, akabuni njia ya kubandika shaba nyembamba juu ya kibao cha aina hiyo na kuiondoa kwa kemikali hadi zibaki njia za umeme tu. Aliomba hataza mwaka 1943.

Karatasi ilikuwa rahisi, na ikatumika sana kwenye redio. Lakini fundi aliyefungua redio za zamani anaijua tabia yake: ncha ya kulehemu ikichelewa kidogo tu, gundi inaungua, harufu kali inapanda puani, na kijiduara cha shaba kinabanduka pamoja na mguu wa kipuri.

Kitambaa cha nyuzi za kioo kilicholoweshwa epoksi kilishika nafasi yake kwenye mitambo ya maana zaidi. Mwaka 1968 chama cha watengenezaji wa vifaa vya umeme cha Marekani, NEMA, kiliipa aina isiyoendeleza moto jina la FR-4. Epoksi yake ya kawaida huanza kulegea kwenye sentigredi 130 hadi 140, na hilo halikumsumbua mtu sana, kwani lehemu ya bati na risasi huyeyuka kwenye 183 tu, joto ambalo bodi iliweza kulivumilia kwa muda mfupi.

Kisha sheria ikaingia. Kuanzia tarehe 1 Julai 2006, Umoja wa Ulaya ulizuia risasi katika vifaa vingi vya elektroniki. Lehemu mpya ya bati, fedha na shaba huyeyuka karibu na 217, na tanuri hufikishwa 240 hadi 260. Bodi zikaanza kuvimba na kuachana tabaka. Epoksi ikishalegea, unene wake hutanuka kwa kasi mara nne au tano ya awali, huku shaba iliyopakwa ndani ya matundu ikitanuka kidogo tu. Inavutwa mpaka inapasuka. Ufa wenyewe hauonekani kwa macho.

Wengi walikimbilia bodi zinazolegea kwenye 170. Hapo ndipo walipopotoka. Baadhi ya bodi hizo ziliharibika mapema kuliko zile za 150, kwa kuwa kemikali iliyotumika kuivisha epoksi yake huifanya ianze kuoza, yaani kuvunjika kikemia, mapema. Viwanda vikageukia epoksi iliyoivishwa kwa fenoli, jamaa wa ile ya Baekeland, inayostahimili hadi karibu 340 kabla ya kuoza. Poliimidi, plastiki inayovuka 250 bila kulegea, ilibaki kwa ndege na visima vya mafuta kwa sababu ya bei.

Kwa hiyo anayeagiza bodi leo asiridhike na namba moja. Aulize epoksi inalegea wapi, inaoza wapi, na unene unatanuka kiasi gani hadi 260, kabla hajalipa.