Singe ya 1907 na ndoano inayowaponza wanunuzi

Sanamu ya Askari katikati ya Dar es Salaam, iliyozinduliwa mwaka 1927, inakaribia kutimiza karne moja. Wapita njia, wakiitazama, humtazama askari. Wakusanyaji wa silaha za kale wao jicho huliweka kwenye singe, iliyoelekezwa bandarini.

Singe ilienea Ulaya katika karne ya 17. Kwa majeshi ya Uingereza, iliyovuma zaidi ni ya 1907, iliyoundwa kwa ajili ya bunduki fupi ya Lee-Enfield. Kwa kuwa bunduki ilipunguzwa urefu, singe ilirefushwa ili askari asizidiwe na adui: bapa lake ni sentimita 43. Umbo lilifuata singe ya Arisaka ya Wajapani, pamoja na ndoano kwenye kikingio cha mkono, eti ya kunasia silaha ya adui.

Ndoano hiyo ndiyo chanzo cha ugomvi wote. Mwaka 1913 singe mpya zilianza kutengenezwa bila ndoano, na nyingi za zamani zikakatwa na mafundi wa jeshi. Zilizosalia nayo ni adimu na ghali, kwa hiyo matapeli huichomelea kwenye singe za kawaida. Mkusanyaji mmoja alinionya kwanza kuhusu "1907" iliyogongwa karibu na mpini: hiyo ni aina ya singe, wala si mwaka ilipotengenezwa. Tarehe yenyewe iko chini yake, mwezi na tarakimu mbili za mwaka. "3 17" ni Machi 1917. Ukiona ndoano kwenye singe ya tarehe hiyo, rudisha pesa mfukoni. Tundu la kutolea matope kwenye kitako cha mpini lilianza 1916, ila singe nyingi za zamani zilitobolewa baadaye, hivyo tundu peke yake halithibitishi kitu.

Vita Kuu ya Pili ilileta singe fupi kama msumari, na ile ndefu ikaanza kusukumwa pembeni.

Linaloniudhi ni msasa. Wauzaji huisugua singe ing'ae, na alama za kikosi zilizogongwa kwenye kikingio au kitako zinapotea. Ni alama hizo zinazoweza kueleza singe ilitoka kikosi gani, na mnunuzi anayejua kazi hulipa zaidi kwa ajili yake kuliko kwa mng'aro.