Maumivu ya misuli na viungo kwa wauguzi, Nakuru na Bonde la Ufa la Kati, Kenya

Maumivu ya kiuno, mgongo, shingo, mabega na magoti yanayosababishwa au kuzidishwa na kazi ya uuguzi. Kiuno ndicho kinachotajwa zaidi, kama ilivyo katika nchi nyingi.

Hospitali na barabara kuu

Hospitali kubwa ya eneo hili ni ile ya Rufaa na Mafunzo ya Kaunti ya Nakuru, ambayo wakazi wengi bado huiita PGH (Provincial General Hospital), jina la enzi za mikoa. Hupokea wagonjwa wa rufaa kutoka Naivasha, Gilgil, Molo na kaunti jirani. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 2,162,202 katika Kaunti ya Nakuru pekee.

Ajali za barabara ya Nairobi–Eldoret huongeza mzigo wa hospitali hiyo. Januari 2009 lori la mafuta lililopinduka Sachangwan liliwaka moto na kuua zaidi ya watu 100. Alfajiri ya Desemba 31, 2017, ajali ya Migaa, karibu na Salgaa, iliua 36. Wanaonusurika katika ajali kama hizo huwa wagonjwa wazito kuliko wote kuhudumia. Aliyevunjika paja, mguu umefungwa vyuma vya kuvuta mfupa, hawezi kujisogeza. Huoshwa, hutandikiwa na huwekewa bedipani papo hapo kitandani. Aliyepooza hugeuzwa takriban kila baada ya saa mbili asipate vidonda vya mgandamizo, mchana na usiku.

Chanzo

Gunia la viazi la Molo hutulia likishikwa. Mgonjwa hushtuka, hulegea ghafla au humng'ang'ania muuguzi shingoni. Mwaka 2007 mtafiti wa Marekani Thomas Waters alipendekeza kwamba muuguzi asiinue kwa mikono zaidi ya kilo 16 hivi. Mguu mmoja wa mtu wa kilo 100 hukaribia kikomo hicho. Penye muuguzi mmoja wa zamu kwa wodi nzima, pasipo mashine ya kuinulia, kinachobaki ni kumwita jamaa wa mgonjwa au mfagizi asaidie. Semina za namna ya kupinda magoti zina faida ndogo mno hapo: upungufu wa watu na vifaa ndio kiini cha tatizo.

Vyanzo vingine ni vitanda visivyopandishwa, kuinama muda mrefu wakati wa kuzalisha, na kusimama zamu nzima. Huduma ya uzazi bila malipo, iliyotangazwa Juni 2013, iliongeza akina mama wanaojifungulia hospitalini.

Upimaji

Watafiti wengi hutumia dodoso la Nordiki la 1987, linaloulizia sehemu tisa za mwili kwa miezi 12 na siku 7 zilizopita.

Tiba

Dawa za kutuliza maumivu, fiziotherapia, na muuguzi kuhamishiwa kliniki ya wagonjwa wa nje.

Sheria

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamkataza mwajiri kumbebesha mfanyakazi kwa mikono mzigo ambao uzito wake unaweza kumuumiza, na inataka kamati ya usalama palipo na wafanyakazi 20 au zaidi. Sheria ya fidia ya majeraha ya kazini ya mwaka huohuo huhudumia kwa urahisi zaidi ajali yenye siku na saa. Kiuno kilichochakaa kwa miaka 15 ni vigumu kukithibitisha.

Hali ya sasa

Tangu ugatuzi wa 2013, wauguzi wengi wa umma huajiriwa na kaunti. Mgomo wao wa kitaifa wa 2017, Juni hadi Novemba, ulihusu mkataba wa mishahara na marupurupu, si maumivu haya.