Kalamu ya Daktari: Cheti cha Kifo kama Chanzo cha Historia katika Kisa cha Harold Shipman, Hyde, 1977–1998

Simulizi za wauaji wa mfululizo walioishi maisha ya kawaida zina muundo unaojirudia. Jirani husema hakudhani, ndugu husema hawakujua, na mwandishi humalizia kwa kueleza kwamba nyuma ya uso wa upole kulikuwa na uso mwingine. Muundo huo husomeka vizuri, lakini kwa maoni ya mtafiti unapotosha historia, kwa kuwa unayachukulia maisha ya kawaida kuwa pazia lililoufunika uhalifu. Kisa cha Harold Shipman, daktari wa familia katika mji wa Hyde karibu na Manchester, Uingereza, hakiingii katika muundo huo. Udaktari ndio uliompa dawa ya kuulia, ukamfungulia milango ya wagonjwa, na hatimaye ukampa kalamu ya kuandika sababu ya kifo. Makala haya yanajikita katika kalamu hiyo.

Shipman alizaliwa Nottingham mwaka 1946 na kuhitimu udaktari Leeds mwaka 1970. Mwaka 1974 alijiunga na kituo cha madaktari wa familia katika mji mdogo wa Todmorden, na mwaka uliofuata wenzake wakagundua kwamba alikuwa akighushi maagizo ya dawa ili ajipatie pethidini, aliyokuwa akijidunga mwenyewe. Mwaka 1976 alitozwa faini ya pauni 600. Baraza Kuu la Madaktari lilimwandikia barua ya onyo, lakini halikumfuta katika orodha yake. Mwaka 1977 alipata kazi Hyde, na huko akajijengea sifa. Alikuwa na mke na watoto wanne. Aliwatembelea wazee majumbani mwao. Wagonjwa walichanga fedha za kununulia vifaa vya kliniki yake. Mwaka 1993 tayari alikuwa akifanya kazi peke yake katika barabara ya Market Street, bila daktari mwenzake wa kuyatazama majalada yake.

Dawa aliyoitumia ni diamofini, yaani heroini ya hospitali, ambayo sheria ya Uingereza inawaruhusu madaktari kuitumia kutuliza maumivu makali. Baada ya hukumu ya 1976 alitangaza kwamba hahifadhi dawa za aina hiyo. Asiyehifadhi hana daftari, na asiye na daftari hakaguliwi. Dawa aliipata kwa kuandika maagizo kwa majina ya wagonjwa, hasa wa saratani, na kwa kuchukua mabaki mgonjwa alipofariki. Wengi wa waliouawa walikuwa wanawake wazee walioishi peke yao. Daktari alifika mchana, akachoma sindano, akaondoka, au akabaki na kuwapigia ndugu simu yeye mwenyewe. Marehemu alikutwa kitini, amevaa nguo zake za mchana, kama aliyesinzia.

Hapa ndipo suala la nyaraka linapokuwa zito. Tangu mwaka 1874 sheria ya Uingereza imemtaka daktari aliyemhudumia marehemu aandike cheti cha sababu ya kifo, na msajili hunakili alichoandikiwa. Daftari la vifo, ambalo sisi wanahistoria wa jamii tunaliegemea mno, kwa sehemu kubwa ni neno la mtu mmoja. Kuhusu maiti za kuchomwa, waliotunga sheria ya mwaka 1902 na kanuni zake walijihadhari zaidi, kwa kuwa moto huteketeza ushahidi wa sumu. Waliagiza daktari wa kwanza ajaze fomu, wa pili asiyehusiana naye amhoji na kujaza fomu yake, kisha wa tatu, mwamuzi wa mahali pa kuchomea maiti, atoe idhini. Kwenye karatasi hiyo ni kinga ya madaktari watatu. Kwa vitendo, daktari wa pili alimsikiliza wa kwanza, akaitazama maiti kidogo, akapokea ada yake na kutia saini. Hakulazimika kuzungumza na jirani wala na mtoto wa marehemu. Shipman aliandika maradhi ya moyo, kiharusi, nimonia, uzee. Mwanahistoria ambaye angefungua daftari la Hyde mwaka 1997 angeona mji wenye wazee wanaokufa kwa maradhi ya wazee, na angeandika hivyo bila wasiwasi.

Walioona tofauti ni wale walioshika miili. Wahudumu wa mazishi wa Hyde walishangaa kwamba wagonjwa wa daktari huyu walifariki wakiwa wamevaa vizuri, mara nyingi bila dalili ya ugonjwa chumbani. Dereva mmoja wa teksi, aliyezoea kuwabeba wazee wa mji huo, alianza kuandika majina ya abiria wake waliofariki, nayo yakafika ishirini na moja. Mtafiti anaiona orodha hiyo kuwa chanzo cha historia chenye thamani kuliko daftari la msajili, ingawa hakuna nyaraka za serikali ambazo zingeipokea.

Mwezi Machi 1998 Dkt. Linda Reynolds, wa kituo jirani ambacho madaktari wake walikuwa wakitia saini ile fomu ya pili, alimpelekea mashaka yake mchunguzi wa vifo wa wilaya. Kituo chao kilikuwa na wagonjwa karibu mara tatu ya wale wa Shipman, lakini vifo vya Shipman vilizidi vyao. Polisi walipeleleza kwa siri na kufunga jalada tarehe 17 Aprili. Hawakutazama kama mshukiwa aliwahi kutiwa hatiani, wala hawakuliuliza Baraza la Madaktari. Wagonjwa watatu zaidi waliuawa kabla hajakamatwa.

Kilichomwangusha ni karatasi ambayo haikuwa ya taaluma yake. Mwezi Juni 1998 alifariki bibi wa miaka 81, na ukajitokeza wosia uliomwachia daktari mali ya pauni 386,000. Binti wa marehemu alikuwa mwanasheria. Aliutazama wosia na kuukataa. Mwili ulifukuliwa, diamofini ikaonekana, na taipureta iliyopiga wosia huo ikapatikana kwa Shipman. Alikuwa ameandika kwamba bibi huyo alikufa kwa uzee. Kompyuta ya kliniki nayo ilifichua mengine: baada ya vifo, daktari alikuwa akirudi katika majalada na kuongeza historia ya maradhi kwa tarehe za nyuma, bila kujua kwamba mashine ilitunza saa halisi ya kila ingizo. Kwa mara ya kwanza kulikuwa na mwandishi mwingine ndani ya jalada.

Tarehe 31 Januari 2000 mahakama ya Preston ilimtia hatiani kwa mauaji ya watu 15. Tume iliyoongozwa na Jaji Janet Smith ilitaja waathirika 215 katika ripoti yake ya Julai 2002, wanawake 171 na wanaume 44, na baadaye ikakadiria jumla ya takriban 250. Ukaguzi wa Profesa Richard Baker uliochapishwa mwaka 2001 ulikuwa umeonyesha kwamba vifo vya wagonjwa wa Shipman vilirundikana saa za mchana, ilhali vya madaktari wengine vilitawanyika mchana na usiku. Saa hizo zilikuwa zimeandikwa miaka yote.

Wapo wanaotafuta chanzo katika mofini aliyodungwa mama yake kabla ya kufariki kwa saratani mwaka 1963. Inawezekana, lakini Shipman hakukiri kamwe, akajinyonga gerezani Wakefield mwezi Januari 2004, na tume yenyewe haikuweza kusema kwa nini aliua. Mtafiti haoni faida ya kukisia. Swali la nani anasoma cheti baada ya daktari kukiandika lina majibu ya kihistoria. Mwaka 2003 tume ilipendekeza mfumo wa usajili wa vifo ubadilishwe. Sheria ya mwaka 2009 iliweka nafasi ya daktari huru wa kupitia vyeti vya vifo. Katika Uingereza na Wales upitiaji huo ulianza kuwa wa lazima tarehe 9 Septemba 2024, miaka 26 na siku mbili baada ya Shipman kukamatwa.