Figo ya Bandia na Uhai wa Majeruhi

Si kila majeruhi aliyetolewa hai amekwisha kuokoka. Mwaka 1941, London ilipokuwa ikipigwa mabomu, madaktari Bywaters na Beall waliandika habari za watu waliofukuliwa wazima chini ya vifusi, kisha wakafariki siku chache baadaye. Misuli iliyopondwa ilikuwa imemwaga sumu katika damu, na figo, ambazo kazi yake ni kuichuja damu hiyo, zikashindwa.

Wakati huo Uholanzi ilikuwa chini ya majeshi ya Ujerumani. Katika mji wa Kampen, mwaka 1943, daktari Willem Kolff aliunda figo ya bandia. Alizungushia pipa mrija wa selofeni, wa aina iliyotumika kufungia soseji, akapitisha humo damu ya mgonjwa. Pipa lilizunguka ndani ya maji ya chumvi, na taka za damu zikapenya zikabaki majini. Karibu wagonjwa wake wote wa mwanzo walifariki, wala hakukata tamaa. Mwaka 1945 mwanamke wa miaka 67 alipona.

Mwaka 1952, katika Vita vya Korea, Jeshi la Marekani liliweka mashine ya namna hiyo Wonju, na majeruhi wakapelekwa huko kwa helikopta. Katika Vita Kuu ya Pili, kati ya majeruhi 10 ambao figo zao zilishindwa, karibu 9 walikufa. Huko Korea vifo vilipungua vikawa karibu nusu.

Hata hivyo, mashine haikuiponya figo. Iliishikia zamu tu, mpaka yenyewe ipate nguvu ya kurudi kazini. Tena haikumfaa kitu majeruhi aliyecheleweshwa njiani.

Somo hilo ni zito katika nchi ya milima kama Burundi. Ukuta ukiporomoka Makebuko, katika Gitega, askari na polisi huwa miongoni mwa wanaoitwa kufukua. Majeruhi aliyebanwa kwa saa nyingi aweza kuzungumza vizuri, na huku yu hatarini. Yafaa mhudumu wa afya amtundikie dripu mapema, ikiwezekana kabla hajaondolewa kifusi. Muda aliobanwa uandikwe, na safari ya hospitali isingoje mkojo wake ugeuke rangi ya chai nyeusi.

Figo ya bandia humwokoa anayeifikia. Kumfikisha ni wajibu wa aliyesimama kando ya kifusi.